Darasa la Sebuleni na Mfuko wa Mzazi

Mama mmoja mkazi wa Chamazi, wilayani Temeke, ametuletea swali ambalo tumeliona lastahili kujibiwa hadharani, kwa kuwa si lake peke yake. Mumewe ni fundi wa ujenzi ambaye kazi zake ziko Unguja, naye huvuka bahari kurudi kwa jamaa zake mara moja kwa mwezi, pengine mara mbili mambo yakiwa mazuri. Wana watoto watatu: binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba wa miaka 5. Mwaka uliopita wazazi hao, ambao ni Wakristo, waliamua kuwasomesha watoto wao nyumbani. Sababu walizotupa ni tatu. Darasa la mvulana lilikuwa limejaa hata mwalimu hakuweza kuyapitia madaftari yote. Njia ya shule huivuka barabara kuu ambayo magari hayasimami. Na wao wenyewe walitamani watoto wakue katika imani ya nyumba yao.

Swali lake lilikuwa fupi. Ameonyeshwa mafungu ya vitabu vya Kikristo vya kufundishia nyumbani, vilivyotungwa ng'ambo, ambavyo bei yake kwa mwaka mmoja yazidi kodi ya nyumba anayopanga. Je, avinunue kwa mkopo wa kikundi chake cha akina mama, au kuna njia nyingine ambayo mwenye kipato cha fundi aweza kuimudu kwa watoto watatu wasiolingana umri?

Kabla ya kuzungumza juu ya vitabu, hapana budi tuzungumze juu ya sheria, maana tungemdanganya mama huyu kama tungeanza na vitabu. Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 yaagiza kwamba kila mtoto aliyetimiza miaka 7 na ambaye hajatimiza miaka 13 aandikishwe katika elimu ya msingi, nayo yamtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha kuwa mtoto huyo anahudhuria mpaka amalize. Watoto wake wawili wakubwa wamo ndani ya umri huo. Mdogo bado. Tena Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwanzoni mwa mwaka 2025, yakusudia elimu ya lazima ifikie miaka 10, yaani hadi mwisho wa hatua ya chini ya sekondari. Kwa maneno mengine wajibu wa mzazi mbele ya dola unarefuka, haufupiki. Jirani zetu wa Kenya nao, chini ya Sheria yao ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, wameliona jambo hili likifikishwa mpaka Mahakama Kuu na wazazi waliotaka haki ya kusomesha watoto nyumbani.

Lipo na jambo la pili, zito kuliko hofu ya kuitwa ofisini. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huendeshwa na Baraza la Mitihani, nao watahiniwa wake huandikishwa kupitia shule. Binti wa miaka 12 ambaye jina lake halimo katika rejista ya shule yoyote hana meza ya kukalia siku ya mtihani, hata awe amesoma vitabu vya dunia nzima. Njia ya kurudi ipo, lakini ni ndefu. Atangoja kidogo akue, apitie mpango wa MEMKWA au masomo ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, afanye Mtihani wa Maarifa, kisha aandikishwe kuwa mtahiniwa wa kujitegemea wa Kidato cha Nne. Wengi wamepita huko na wamefika mbali. Ila njia hiyo ilitengenezwa kwa waliokosa shule kwa shida, wala hatuoni busara kumpitisha humo mtoto ambaye shule iko umbali wa kusikia kengele yake.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza kwa mama wa Chamazi halimgharimu hata senti moja ya vitabu. Aende kwa Afisa Elimu Kata, aeleze hali yake bila kuficha, na jina la binti lirudi katika rejista. Na la mvulana vilevile. Akiisha kufanya hivyo, darasa la sebuleni litabaki kuwa na kazi kubwa: alasiri, jioni, siku ya Jumamosi, likizo zote, na kwa kitinda mimba asubuhi nzima mpaka atakapofikia umri wa kuandikishwa. Saa hizo, mzazi akizihesabu kwa mwaka, ni nyingi kuliko anavyodhani.

Sasa tuje kwenye vitabu.

Mafungu aliyoonyeshwa mama huyu, kwa jinsi alivyotueleza, ni ya namna ile iliyoanzishwa na Donald Howard huko Texas, Marekani, mwaka 1970, na ambayo leo yatumika katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo. Utaratibu wake ni huu: somo la mwaka mzima hukatwa vijitabu 12, mtoto hukaa na kijitabu chake, husoma mwenyewe, hujibu maswali humo humo ndani, hujisahihisha kwa ufunguo wa majibu, hufanya jaribio, na akipata alama za kutosha huvuka kwenda kijitabu kinachofuata. Uzuri wake kwa nyumba yenye watoto wa umri mbalimbali hauna ubishi. Kila mmoja yuko hatua yake, hakuna anayemngoja mwenzake, na mzazi asiye mwalimu aweza kusimamia.

Lakini tupige hesabu. Masomo matano kwa vijitabu 12 ni vijitabu 60 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Watoto wawili wakubwa peke yao ni vijitabu 120. Na kwa kuwa majibu huandikwa ndani ya kijitabu chenyewe, alichokimaliza dada hakimfai tena mdogo wake, hakuna kurithishana. Hapa ndipo mfuko wa mzazi hutobokea. Mtu aliyelelewa katika nyumba ambamo sare ya shule ilishuka kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo mpaka ikawa tambara la kupigia deki ataelewa mara moja kwa nini twasema kwamba kitabu cha kuandikiwa ndani ni anasa. Tena vimeandikwa kwa Kiingereza, ambacho mtoto wa miaka 5 hakijui. Vyapima uzito kwa ratili na urefu kwa inchi, na historia yake ni ya Wamarekani. Hatusemi ni vibaya. Twasema vilitungwa kwa mtoto mwingine.

Ipo njia nyingine kutoka ng'ambo ambayo hatukuitarajia kuipenda, nayo ni ya Charlotte Mason, mwalimu wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1923. Mwaka 1887 alianzisha umoja wa wazazi wenye kusomesha watoto nyumbani, na programu zake zikawafikia hata familia za Kiingereza zilizokuwa zikiishi mbali na kwao, katika makoloni. Mama yule, ambaye naye alikuwa Mkristo wa imani thabiti, alishikilia kwamba vipindi viwe vifupi, vitabu viwe vichache lakini vizuri, na kwamba mtoto akiisha kusomewa jambo mara moja asimulie kwa maneno yake mwenyewe aliyoyasikia. Hakuna kijitabu cha kujaza. Chombo cha mtihani ni kinywa cha mtoto. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa na mtu wa Ulaya thamani ya kusimulia. Bibi zetu walitukalisha jamvini wakatudai tuirudie hadithi ya jana kabla ya kupewa ya leo. Lakini yapendeza kuona mwanamke wa mbali alifika mahali pale pale, na kwamba njia yake haimdai mtu fedha.

Ndugu zetu wa Visiwani wataongeza kwamba darasa la watoto wasiolingana umri si jambo geni kwao kabisa. Chuoni, mwalimu mmoja hukaa na watoto 30 au 40, huyu yuko kwenye alifu, yule amefika juzuu ya amma, mwingine yu karibu kuhitimu. Kila mtoto na ubao wake au msahafu wake, kila mtoto na mahali alipofikia, na wakubwa huwasikiliza wadogo mwalimu anapokuwa na kazi nyingine. Hakuna aliyeuita utaratibu huo mtaala, wala hakuna aliyeununua kwa mkopo, ila umeendesha elimu ya mwambao huu kwa karne nyingi. Mkristo wa Temeke haoni haya kuazima pishi kwa jirani yake Mwislamu. Na aazime na hili.

Na kwa upande wa Wakristo wenyewe, historia yaanzia kisiwani. Askofu Tozer na Dakta Steere wa misheni ya UMCA walifika Unguja mwaka 1864, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliotolewa katika majahazi ya watumwa: Wayao, Wanyasa, na wengine, wakubwa kwa wadogo, wasio na lugha moja. Hapakuwa na kitabu cha kuwafaa. Steere alijifunza Kiswahili, akakusanya hadithi za wenyeji, akatafsiri Maandiko, akatumia mtambo mdogo wa kupigia chapa kutengeneza vitabu vya kusomea, na kutoka humo zikakua shule ya wavulana ya Kiungani na ya wasichana ya Mbweni, ambayo Bibi Caroline Thackeray aliiongoza kwa miaka mingi. Vitabu vya kwanza vya Kikristo vya watoto kwa Kiswahili, basi, havikuletwa na meli. Vilitungwa mahali watoto walipokuwa, kwa lugha watakayoielewa, na kwa fedha kidogo. Twamsihi mama wa Chamazi aukumbuke mfano huo kabla ya kutia sahihi karatasi za mkopo.

Sisi tungenunua nini? Tungeanza na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania kwa masomo yanayopanda ngazi, yaani kusoma na kuandika, Hisabati, Kiingereza na Sayansi, kitabu kimoja kimoja kwa darasa la kila mtoto. Hivi ndivyo vitakavyotahiniwa, na kila aliyekimaliza ataviachia mdogo wake maadamu majibu yameandikwa daftarini. Taasisi hiyo pia imeviweka vitabu vyake katika maktaba mtandao ambamo husomwa bila malipo, hivyo mwenye simu ya kupangusa na bando dogo aweza kuvisoma kabla ya kununua. Tahadhari moja: asiende kuvitoa kopi ukurasa kwa ukurasa kwenye duka la steshenari akidhani anaokoa fedha. Tuliwahi kufanya hivyo nyumbani kwetu mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi Machi kwa ajili ya korona na kila mzazi akajikuta mwalimu hata kama hakupenda. Tulipojumlisha gharama ya kopi ya kitabu cha Hisabati tuliona ingetosha kununua kitabu chenyewe na nauli ya kukifuata Kariakoo, na kopi zenyewe zilikuwa zimepauka hata sehemu haikutofautiana na desimali.

Kwa upande wa dini, kitabu ni kimoja, na yaelekea tayari kimo ndani ya nyumba. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ina lugha ambayo mtoto akiizoea hatashindwa na fasihi yoyote. Na wanaoiona ngumu wanayo Biblia Habari Njema. Wachapaji wa makanisa yetu, kama Central Tanganyika Press ya Dodoma na wale wa Ndanda, wametoa kwa miaka mingi vitabu vidogo vya mafundisho kwa Kiswahili ambavyo bei yake hailingani kabisa na ya vile vya kuagizwa. Tusisahau pia kwamba shule zetu zina vipindi vya dini, ambapo walimu wa madhehebu huruhusiwa kuja kufundisha watoto wao, na kwamba Maarifa ya Biblia ni somo linalotahiniwa Kidato cha Nne. Vipindi hivyo mara nyingi hupita vitupu kwa kukosa mwalimu. Parokia na mitaa ya makanisa ya Mbagala na Tegeta, ambayo hukusanya michango ya vipaza sauti, ingeweza kumlipia nauli mwalimu mmoja wa dini.

Na watoto watatu wafundishweje pamoja? Mgawanyo ni mmoja tu wa kushika. Hesabu na kusoma hufundishwa mbalimbali, kwa kuwa huwezi kumrusha mtoto ngazi. Maandiko, historia, jiografia, nyimbo na kazi za mikono hufundishwa pamoja, kila mmoja akibeba mzigo wa kimo chake. Tutoe mfano mmoja, na wasomaji wetu wa Mafia na Pemba watuwie radhi tukikosea mambo ya bahari.

Chukua sura ya 27 ya Matendo ya Mitume, safari ya Paulo kwenda Rumi na kuvunjika kwa jahazi. Mama aisome kwa sauti mara moja. Wa miaka 5 achore chombo, asimulie nani alikuwamo na nini kilitokea. Wa miaka 9 achukue hesabu: waliokuwamo chomboni walikuwa watu 276, mabaharia walipotia bildi mara ya kwanza walipata pima 20, na mbele kidogo pima 15, kina kimepungua kwa pima ngapi, na hizo ni mita ngapi ikiwa pima moja ni karibu mita 1.8? Kwa nini waliogopa kina kilipopungua? Wa miaka 12 atafute katika ramani Krete na Malta, aeleze kwa nini vyombo vya zamani havikusafiri majira ya pepo mbaya, kisha aandike ukurasa mmoja akilinganisha na kusi na kaskazi za kwetu. Jumamosi baba akiwa amerudi kutoka Unguja, ambaye ameivuka bahari hiyo hiyo tumbo likimchafuka, atakuwa na la kusema ambalo halimo kitabuni. Somo hilo lina dini, hesabu, jiografia, uandishi na lugha, na gharama yake ni karatasi mbili.

Tunajua litakalosemwa: kwamba si kila mama ana nafasi au elimu ya kufanya hayo. Ni kweli. Mama wa Chamazi mwenyewe alimaliza darasa la saba, naye huuza maandazi mpaka saa nne asubuhi. Lakini hata yale mafungu ya ng'ambo yatamtaka asome Kiingereza cha maelekezo yake, na hilo ni gumu kwake kuliko kumsomea mwanawe kwa lugha yake mwenyewe.

Tungependa sasa kuwageukia viongozi wetu. Kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imekwenda pembezoni, Chamazi, Mbagala, Bunju, Mabwepande, kule ambako nyumba hujengwa kwa kasi ya kuliacha nyuma jengo la shule. Serikali iliondoa ada katika shule za msingi na sekondari mpaka Kidato cha Nne kuanzia Januari 2016, na watoto wakafurika. Lilikuwa jambo jema, na msongamano ni gharama yake. Mzazi anayemtoa mtoto darasani kwa sababu hiyo si adui wa elimu. Mara nyingi ni yule anayeithamini kupita kiasi. Akija ofisini apokewe kwa maelezo, wala asianze kutishwa. Na ingefaa Wizara itoe waraka mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ukieleza bayana mzazi anaruhusiwa nini na nini hakiruhusiwi katika kufundisha nyumbani, mtoto aliyetoka shuleni anarudije, na ataandikishwa wapi kwa mtihani. Kwa sasa mzazi huyasikia hayo dukani na kwenye daladala, kila mtu na lake.

Kwa maofisa wa pande zote mbili za Muungano lipo jambo dogo zaidi. Elimu ya msingi Zanzibar ni ya miaka 6. Bara ilikuwa miaka 7 nayo sasa inaelekea 6, na mwaka 2027 ndipo wa darasa la sita na wa la saba watakapomaliza pamoja. Jamaa kama hii, ambayo baba yuko ng'ambo moja ya maji na mama ng'ambo ya pili, daima yafikiria kuhama. Watoto wanaohamishwa katikati ya mabadiliko hayo wapangiwe darasa kwa kupimwa wanachokijua, wala wasirudishwe nyuma kwa sababu tu karatasi za huku na huku hazifanani.

Mama wa Chamazi tulimweleza haya yote kwa mdomo kabla ya kuyaandika. Alisikiliza, akauliza kama kweli mvulana atapokelewa katikati ya muhula, nasi tukamwambia akaulize mapema, asingoje Januari. Juu ya dini hakuwa na wasiwasi tena. Fedha ya mkopo, alisema, ataichukua nusu yake tu, anunue vitabu vya Hisabati na Kiingereza, madaftari, na taa ya sola, maana somo la jioni bila taa haliendi.

Binti yake alikuwa amekaa kizingitini muda wote huo akisikiliza. Alitaka kujua kama mtihani wa darasa la saba utakuwa na maswali ya pima.